Mzee Aliyeirudia Njia: Maisha ya Ezra Meeker

Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitupeleka kwenye ukumbi wa kijiji, akatupa tarakimu za latitudo na longitudo, simu moja, na amri moja tu: tafuteni! Tulizunguka ukumbi mpaka jasho likatutiririka. Kumbe kopo lilifichwa kwenye mizizi ya mgumo nyuma ya jukwaa! Ndani mlikuwa na daftari la kutia sahihi na swali: ni nani waliokaa hapa kwanza? Tukatazamana kama mabubu.

Mwalimu akatuketisha kwenye benchi za ukumbi. Alitwambia mchezo huo ulianza tarehe 3 Mei 2000 huko Oregon, Marekani, siku moja baada ya serikali yao kuacha kuzivuruga ishara za setilaiti zinazotumiwa na raia. Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek. Hapo si mbali na Oregon City, mwisho wa njia ya kale ya wahamiaji. Basi akatusimulia habari za mzee aliyeiokoa njia hiyo isisahaulike. Tangu siku hiyo nimemsoma Ezra Meeker hadi nikamwona kama babu yangu.

Alizaliwa Ohio tarehe 29 Desemba 1830. Mwaka 1852, yeye na mkewe Eliza Jane walifunga safari ya gari la maksai kuelekea magharibi, wakiwa na mtoto mchanga. Njia ilikuwa ya kilomita 3,200 hivi, na kipindupindu kiliwaua wasafiri wengi. Wao walifika salama. Baadaye Meeker alianzisha mji wa Puyallup, akatajirika kwa kilimo cha hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Lakini mali ni kama maua! Miaka ya 1890 wadudu waliivamia mimea, uchumi nao ukaanguka, akabaki mikono mitupu.

Je, alikata tamaa? La hasha! Januari 1906, akiwa na miaka 75, alifunga tena maksai, akairudia njia ile ile kutoka magharibi kwenda mashariki. Watu walimwona mzee amerukwa na akili. Kila alipopita aliwahimiza wenyeji wasimike mawe ya kumbukumbu, maana njia ilikuwa ikimezwa na mashamba. Mjini Boise watoto wa shule walichanga senti zao. Mwaka 1907 alifika Washington, na Rais Theodore Roosevelt akatoka nje kulitazama gari lake.

Lakini mimi simpendi kwa ajili ya mawe tu. Mwaka 1856 alikuwa mmoja wa raia 12 walioketi kuamua kesi ya Leschi, kiongozi wa Wanisqually, aliyeshtakiwa kwa mauaji wakati wa vita vya kugombea ardhi. Watu 10 walitaka ahukumiwe. Meeker na mwenzake mmoja walikataa katakata, na kesi hiyo ikakwama. Leschi alishtakiwa tena, akanyongwa mwaka 1858. Meeker hakunyamaza, mwaka 1905 alichapisha kitabu kilichoeleza dhuluma hiyo. Mwaka 2004, mahakama maalumu ya kihistoria ilimwondolea Leschi lawama. Meeker hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 3 Desemba 1928, zikiwa zimesalia siku 26 tu afikishe miaka 98.

Hapo ndipo nilipolielewa lile swali la kopo. Jiwe la ukumbusho linaweza kumtaja aliyefika na gari lake, likamsahau aliyemkuta pale. Meeker aliwakumbuka wote wawili, japo yeye mwenyewe alikuwa mgeni aliyefaidika na ardhi hiyo.

Wenzangu, mwacha asili ni mtumwa. Likizo hii mimi nilimwendea nyanya yangu na daftari. Alinitajia mto uliobadilishwa jina na watu waliohamishwa kabla ukumbi haujajengwa. Nimeshajaza kurasa 3. Je, wewe umemuuliza nani?