Luther Burbank: Mkulima aliyetupa maelfu ya maua ili apate moja

WAUZAJI wa miche ya maua na wakulima wa viazi mviringo huenda hawajui kwamba biashara zao zinakutana katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Luther Burbank, mkulima wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1926 akiwa ameacha zaidi ya aina 800 za mimea alizozitoa yeye, yakiwamo maua, matunda, viazi na mboga.

Burbank hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na jicho la kuchagua, subira ya miaka mingi na moyo wa kung'oa mmea usiofaa hata kama ameulea mwenyewe. Lakini maisha yake yana upande wa pili ambao mkulima na mfanyabiashara mdogo hawana budi kuujua. Aliyevumbua na kuchagua siye aliyevuna fedha nyingi.

Kiazi cha dola 150

Burbank alizaliwa Machi 7, 1849 katika mji wa Lancaster, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa 13 wa mkulima ambaye pia alikuwa akifyatua matofali. Alisoma shule ya mji huo, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha plau mjini Worcester. Baba yake alifariki mwaka 1868, na miaka michache baadaye kijana huyo akanunua ekari 17 katika eneo la Lunenburg, akaanza kulima mboga za sokoni.

Katika maktaba ya mji wao alisoma kitabu cha mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, kilichotolewa mwaka 1868 kuhusu namna mimea na wanyama wa kufugwa wanavyobadilika. Somo alilolipata ni kwamba miche iliyotoka katika mbegu za tunda moja haifanani yote, na tofauti hizo ndogo ndizo mtaji wa mkulima anayejua kuchagua.

Hakukaa sana kabla ya kulijaribu somo hilo. Katika shamba la viazi aina ya Early Rose aliona tunda dogo la mbegu limening'inia kwenye shina. Kwa kuwa viazi hupandwa kwa kiazi chenyewe, wakulima wengi hawakuwa na haja na tunda hilo. Burbank alilitunza, akakuta mbegu 23 na kuzipanda zote. Kila shina lilitoa viazi vya namna yake: vingine vidogo, vingine vimepinda, vingine vyenye macho mengi. Shina moja lilizaa viazi vingi, vikubwa na laini, naye akalichagua hilo.

Mwaka 1875 alimuuzia kiazi hicho James Gregory, mfanyabiashara wa mbegu wa Marblehead, kwa dola 150. Alibakiwa na viazi kumi tu vya kuondoka navyo kwenda California, walikokuwa wametangulia ndugu zake. Baadaye kiazi hicho kilijigeuza chenyewe na kutoa aina yenye ganda la rangi ya kahawia lenye mikwaruzo, Russet Burbank, ambayo hadi leo ni miongoni mwa viazi vinavyotegemewa sana na viwanda vya chipsi vya Amerika Kaskazini. Katika mauzo yote hayo, fungu la mvumbuzi lilikuwa zile dola 150.

Kitalu cha Santa Rosa

Maisha ya mwanzo mjini Santa Rosa yalikuwa magumu. Burbank alifanya vibarua vya useremala na kuugua, ndipo akafungua kitalu cha kuuza miche.

Sifa zake zilivuma mwaka 1881. Mteja mmoja, Warren Dutton, alitaka miche 20,000 ya plamu za kukausha kabla mwaka haujaisha, wakati kwa kawaida miche ya namna hiyo huchukua miaka miwili au zaidi. Burbank alipanda mbegu za lozi kwa sababu huota na kukua haraka, akakodi vibarua na kupachika macho ya plamu juu ya mashina hayo machanga. Miche karibu yote ilikabidhiwa kwa wakati.

Kitalu kilimpa kipato kizuri, lakini kuuza miche ya aina za watu wengine hakukuwa lengo lake. Mwaka 1885 alinunua shamba eneo la Sebastopol, si mbali na Santa Rosa, akaanza kuachana na biashara ya kawaida ili atafute aina mpya.

Ua lililochukua miaka 17

Kazi yake maarufu zaidi katika bustani ilianzia kwenye magugu. Huko kwao Massachusetts kulikuwa na ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano, aina ya deizi, lililoota kando ya barabara na kuwasumbua wakulima. Burbank alilipenda tangu utotoni kwa sababu lilikuwa gumu, likistahimili ukame na kukanyagwa, na likichanua kwa wingi. Kasoro yake ni kwamba lilikuwa dogo na weupe wake haukuwa safi.

Kuanzia mwaka 1884 alipanda mbegu za ua hilo na kuchagua yaliyo bora, lakini kuchagua peke yake hakukumfikisha alikotaka. Akaagiza deizi yenye maua makubwa kutoka Uingereza na nyingine ya Ureno, akachukua chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ua la pili ili apate chotara. Maua yakawa makubwa zaidi, ila weupe bado haukumridhisha. Kwa maelezo yake, hatua ya mwisho ilikuwa kuingiza deizi ya Japani, ambayo ua lake ni dogo lakini jeupe pepepe.

Mwaka 1901, baada ya miaka 17, alilitoa ua hilo sokoni kwa jina la Shasta, mlima wa kaskazini mwa California wenye theluji kileleni. Lilikuwa na ua kubwa, bua refu linalofaa kukatwa na kuwekwa kwenye chombo, na shina linalodumu miaka kadhaa. Hupenda jua na udongo usiotuamisha maji, na mwenye bustani huliongeza kwa kugawa shina ili apate ua lile lile alilolichagua.

Katika kazi nyingine, Burbank aliona popi moja ya California, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya dhahabu, ikiwa na mstari mwembamba mwekundu. Wengi wangeipita. Yeye alichukua mbegu zake na kuchagua kizazi baada ya kizazi kilichozidi wekundu, hadi akapata ua jekundu kabisa.

Alivyochagua

Utaratibu wake haukuhitaji mitambo. Kwanza, alipanda kwa wingi, maana katika miche kumi hakuna cha kuchagua. Pili, alipita kwenye mistari akitazama jani, bua, ua na afya ya mmea, na kuwekea alama michache iliyomridhisha. Tatu, iliyobaki iling'olewa na kuchomwa moto. Makumi ya maelfu ya miche iliishia kwenye majivu, ikiwamo ambayo jirani angeinunua kwa furaha.

Moto huo ulikuwa na maana ya kibiashara. Mche dhaifu unaouzwa leo humrudisha mteja kesho akiwa amekasirika, na chavua yake huharibu mbegu ya mche mzuri ulio jirani.

Alipokosea

Mwaka 1893 Burbank alitoa orodha ya aina zake mpya za matunda na maua. Wafanyabiashara waliigombea, huku baadhi ya watu wa dini wakimshutumu kwa kuingilia kazi ya Muumba. Mwaka 1905 Taasisi ya Carnegie ilianza kumpa dola 10,000 kwa mwaka na kumtuma mtaalamu George Shull kuandika mbinu zake. Shull alikuta kumbukumbu chache mno, kwani mengi yalikuwa kichwani mwa Burbank. Ufadhili ulikoma baada ya miaka mitano. Shull, aliyekuwa akiandika kila kitu, ndiye aliyechangia kuweka msingi wa mahindi chotara.

Kosa jingine lilikuwa la kibiashara. Mwaka 1912 iliundwa kampuni ya kuuza mimea kwa jina la Burbank, ikiwamo mipungate isiyo na miiba kwa ajili ya malisho. Uendeshaji ulikuwa mikononi mwa wengine, na kampuni haikumaliza miaka mitano kabla ya kuanguka. Aliyechafuka jina ni Burbank.

Haki iliyochelewa

Katika maisha yake yote hapakuwa na sheria ya kumlinda mvumbuzi wa mmea nchini Marekani. Akishauza mche wa kwanza, mnunuzi aliweza kuuzalisha na kuuza maelfu bila kumlipa hata senti. Ndiyo maana Burbank aliuza aina zake moja kwa moja, haki zote kwa mpigo, apate fedha za kuendeshea shamba.

Alifariki Aprili 11, 1926 akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa katika bustani yake ya Santa Rosa. Miaka minne baadaye, mwaka 1930, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hataza za mimea. Kazi ya Burbank ilitumika kuwashawishi wabunge, na mvumbuzi Thomas Edison aliunga mkono. Hataza ya kwanza ilitolewa mwaka 1931 kwa waridi, na Burbank mwenyewe alipewa hataza 16 akiwa kaburini. Hata hivyo, sheria hiyo iliacha nje mimea inayopandwa kwa viazi vyake. Kiazi cha dola 150 kisingelindwa.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Mkulima wa waridi za kuuza nje anayepanda aina iliyolindwa hulipa ada kwa mwenye aina hiyo. Mlango huo huo uko wazi kwa mkulima wa hapa anayepata aina mpya, ilimradi aisajili kabla hajaisambaza, maana aina iliyokwisha kuuzwa kwa muda mrefu hupoteza sifa ya kuwa mpya.

Kwa mwenye kitalu kidogo, somo ni rahisi kuanza nalo. Funga uzi kwenye shina lenye ua bora kabla ya kukata maua ya kuuza, chukua mbegu au kipando kutoka hapo, ondoa lililo dhaifu, na andika kwenye daftari tarehe na mahali lilipotoka. Mambo matatu ya kwanza Burbank aliyafanya vizuri kuliko watu wengi wa zama zake. La daftari lilimshinda, na lilimgharimu.