Nikola Tesla: Mvumbuzi aliyeisukuma mitambo kupita kikomo chake

KILA kifaa cha umeme hutoka kiwandani kikiwa na kikomo chake. Kuna kiasi cha mkondo kinachoweza kuustahimili, kiwango cha joto kisichopaswa kuvukwa, na kasi ya kuwasha na kuzima ambayo mtengenezaji ameikubali. Nikola Tesla, mvumbuzi aliyefariki dunia mwaka 1943, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akipambana na vikomo vya namna hiyo. Vingine alivishinda, na vingine vikamshinda yeye.

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya Dola ya Austria na sasa kiko Croatia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi la Waserbia. Mama yake hakupata elimu ya shule, lakini alisifika kwa kubuni zana za kazi za nyumbani, na mwanawe aliamini kuwa kipaji chake alikirithi kwake.

Mwaka 1875 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Graz, Austria, ambako aliondoka bila shahada. Hata hivyo, huko ndiko alikoanza kusumbuliwa na swali moja. Mota za wakati huo zilitumia mkondo mnyoofu na zilihitaji burashi zilizosuguana na sehemu inayozunguka, zikitoa cheche na kulika haraka. Tesla alitaka mota isiyo na burashi. Jibu alilipata mwaka 1882 akiwa Budapest: kutumia mkondo geu kuunda uga wa sumaku unaozunguka wenyewe na kuivuta sehemu ya ndani ya mota.

Juni 1884 aliwasili New York na kuajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison. Aliacha kazi baada ya miezi michache tu, kwa sababu ya kutoelewana kuhusu malipo. Kampuni aliyoianzisha baadaye ilimponyoka mikononi, akalazimika kufanya kazi za kibarua, zikiwamo za kuchimba mitaro. Bahati ilimgeukia mwaka 1888, alipopewa hati za kumiliki uvumbuzi wa mota yake na mfanyabiashara George Westinghouse akanunua haki za kuitumia. Mwaka 1893 Westinghouse aliyaangazia Maonyesho ya Dunia ya Chicago kwa mkondo geu, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukaufikia mji wa Buffalo, umbali wa zaidi ya kilometa 30. Umeme wa majumbani mwetu Afrika Mashariki, unaozunguka mara 50 kwa sekunde, ni wa ukoo huo huo.

Mtu mwingine angeridhika. Tesla alitaka kujua nini hutokea mkondo unapobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Alijenga jenereta yenye ncha 384 za sumaku, ambayo mkondo wake ulibadilika zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde. Hapo akakutana na kikomo. Chuma kilipata joto kali, na sehemu inayozunguka isingeweza kuongezewa kasi bila hatari ya kupasuka.

Alipoona chuma kimefika mwisho wake, alibadili njia. Alilimbikiza umeme ndani ya kapasita, kisha akauachia uruke kupitia pengo la cheche na kuingia katika koili yenye mizunguko michache ya waya mnene. Umeme huo uliyumba huku na huko mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Koili ya pili, yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, iliyumba kwa mdundo ule ule, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na volteji ikapanda hadi umeme ukaruka hewani mithili ya radi. Hiyo ndiyo koili ya Tesla, aliyoipatia hati mwaka 1891.

Mwaka 1899 alihamia Colorado Springs na kujenga koili yenye kipenyo cha takriban meta 15. Inasimuliwa kwamba jaribio moja liliunguza jenereta ya kampuni ya umeme ya mji huo na kuutia mji gizani. Mwaka 1901, kwa dola 150,000 za tajiri J. P. Morgan, alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe, wenye urefu wa meta 57, akikusudia kupeleka habari, na hatimaye nguvu za umeme, bila waya. Desemba mwaka huo Guglielmo Marconi alitangaza kupokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo ya gharama ndogo zaidi. Morgan alikataa kuongeza fedha. Mnara ulibomolewa mwaka 1917 kutokana na madeni ya Tesla ya hoteli. Mwenyewe alifariki peke yake Januari 7, 1943, katika chumba cha Hotel New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86.

Miaka mitano baadaye hivi, Desemba 1947, transista ilizaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Leo wapenzi wengi wa koili za Tesla wameliacha pengo la cheche na kutumia transista za nguvu za aina ya IGBT. Nyingi kati ya hizo zilikusudiwa kuendesha mota na mashine za kuchomelea, kwa kasi isiyozidi sana mara 20,000 kwa sekunde. Katika koili hutakiwa kuwaka na kuzima hata mara 100,000.

Transista hutoa joto jingi hasa inapovuka kutoka kuwaka kwenda kuzima. Joto la mara moja ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mafundi hulikwepa kwa mbinu mbili. Kwanza, huibadilisha transista wakati mkondo unapopita kwenye sifuri. Pili, huiendesha kwa vipindi vifupi, pengine sehemu ya kumi ya milisekunde, kisha huipumzisha ipoe. Anayekosea hesabu huiona ikipasuka kwa kishindo, na volteji za mitambo hiyo huweza kuua.

Mwaka 1960 jina la Tesla lilipewa kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5. Maisha yake yanaonyesha kwamba kikomo huvukwa na yule anayejua kwa nini kiliwekwa. Alikijua kikomo cha chuma, akakizunguka. Kikomo cha mfuko wa mfadhili wake hakukipima, na mnara ukaanguka.