Profesa Vittorio Erspamer na Ngozi za Vyura

Wengi wetu huku Mbulu na Hanang twawajua vyura kwa kelele zao tu, mvua zinyeshapo. Mimi napenda kuwasimulia habari za mtu aliyewapa heshima. Vittorio Erspamer alizaliwa Malosco, Italia, mwaka 1909, akasomea udaktari Pavia. Baadaye akawa profesa, akachunguza ngozi za vyura wa nchi nyingi, hata wa Afrika.

Mwaka 1967 yeye na wenzake walitangaza seruleini, iliyotoka kwa chura wa Australia. Ni mnyororo wa asidi amino kumi, na tano za mwisho ni zile zile za homoni ya utumbo iamshayo kongosho. Asidi moja imebeba salfeti. Ikiondolewa hiyo, nguvu juu ya kongosho hupungua mno. Kitu kidogo namna hiyo!

Mwaka 1977 watafiti wengine walionyesha kwamba panya akitiwa seruleini kupita kiasi, kongosho lake huvimba na kuanza kujimeng'enya. Nawahurumia panya hao. Walakini ugonjwa huo huua watu pia, na hata leo huchunguzwa kwa njia hiyo. Erspamer alifariki Roma mwaka 1999.