Atget, mzee aliyebeba Paris begani

Ukitaja picha za maisha ya mjini, huwezi kulipita jina la Eugène Atget. Hata hivyo, alipokuwa hai mwenyewe hakujiita msanii. Kibao cha mlangoni pake kilieleza tu kwamba anauza picha za kuwafaa wachoraji katika kazi zao.

Atget alizaliwa mwaka 1857 mjini Libourne, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, akalelewa na jamaa zake. Alipopata nguvu akawa baharia, kisha akaenda Paris kusomea uigizaji, masomo ambayo hakuyamaliza kwa sababu ya kutumikia jeshi. Akazunguka na vikundi vya maigizo kwa miaka, mpaka maradhi ya koo yakamtoa jukwaani. Alijaribu kuchora, hakupata riziki. Ndipo akashika kamera, umri ushapita miaka 30.

Paris ya siku hizo ilikuwa ikibomolewa. Baron Haussmann alikuwa ameshapasua mitaa ya kale kupitisha barabara pana, na nyundo hazikutulia hata baada yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Atget akajipa kazi ya kupiga picha kilichosalia: vichochoro, nyua, ngazi, milango na vibao vya maduka. Jumba la makumbusho la Carnavalet na maktaba za Paris zikawa wateja wake.

Kila alfajiri alitoka na kamera ya mbao, miguu yake mitatu na sahani za kioo za sentimita 18 kwa 24. Ulikuwa mzigo mzito. Kioo kilihitaji muda kupokea mwanga, hivyo mpita njia alitokea kama ukungu au asionekane kabisa. Ndiyo maana barabara zake nyingi ni tupu. Lakini hakuwasahau wanyonge: wachuuzi, waokota matambara na waliojenga vibanda pembezoni mwa mji, wote aliwasimamisha akawapiga picha kwa heshima.

Vita vya kwanza vya dunia vilimchukulia mwana wa mkewe. Mwaka 1920 aliiuzia serikali sahani zaidi ya 2,600 kwa faranga 10,000, na zikahifadhiwa. Mwaka 1926 mkewe Valentine akafariki. Mwaka huo huo Man Ray, msanii Mmarekani aliyeishi mtaa mmoja naye, alisaidia picha zake zitoke katika jarida la wasanii vijana. Mzee akakubali, ila jina lake lisiwekwe.

Mwaka 1927 Berenice Abbott, binti wa Kimarekani aliyekuwa msaidizi wa Man Ray, alimpiga Atget picha. Alipompelekea, akakuta mzee ameshafariki. Chanda chema huvikwa pete, lakini cha Atget kilivikwa baada ya kaburi. Abbott alinunua maelfu ya picha zilizobaki, akazitangaza kwa miaka 40, na mwaka 1968 zikaingia jumba la sanaa za kisasa la New York.

Abbott mwenyewe aliporudi New York, katika miaka ya 1930, alifanya kama mzee alivyofanya: akauzunguka mji uliokuwa ukibomolewa na kujengwa upya, akaupiga picha mtaa kwa mtaa. Leo anayetaka kuijua Paris ile iliyobomolewa huanzia kwa Atget, ambaye hakungoja mtu amwambie kwamba mtaa wake una thamani.