Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

George Edward Waddell, ambaye watu walimwita Rube, alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Bradford, Pennsylvania, nchini Marekani. Alikuwa mtu wa mashoto, na katika mchezo wa besiboli mkono huo ulimpatia sifa kubwa. Akiichezea timu ya Athletics ya Philadelphia, aliongoza ligi yake kwa miaka 6 mfululizo, 1902 hadi 1907, katika kuwatoa wapigaji kwa mapigo matatu. Mwaka 1904 peke yake aliwatoa wapigaji 349. Tarehe 4 Julai 1905 alirusha mpira kwa vipindi vyote 20 vya mchezo mmoja, akamshinda Cy Young, aliyekuwa mrushaji mashuhuri kuliko wote wakati huo.

Lakini pombe ilikuwa bwana wake. Fedha hazikukaa mkononi. Aliposikia kengele ya gari la zimamoto aliweza kuacha shughuli yake na kulikimbilia, kama mtoto. Meneja wake, Connie Mack, alimvumilia kwa muda mrefu, pengine kuliko meneja mwingine yeyote angalivyoweza. Wachezaji wenzake walichoka mapema. Mwaka 1908 aliuzwa kwa timu ya St. Louis, na baada ya 1910 hakucheza tena katika ligi kuu. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu alipotoka huko.

Alishuka akacheza katika timu ya Minneapolis, na meneja wake mpya, Joe Cantillon, akampokea nyumbani kwake Hickman, Kentucky, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1912 mto huo ulifurika na mji ukawa hatarini. Waddell hakuwa mwenyeji wa hapo, wala hakuwa na nyumba ya kuokoa. Hata hivyo aliingia majini pamoja na wenyeji, akasimama kwa saa nyingi katika maji ya baridi kali, akipanga mifuko ya mchanga ili kuyazuia.

Akashikwa na homa ya mapafu. Mwili wake, uliokuwa mkubwa na wenye nguvu, haukurudia hali yake ya kwanza, na baadaye kifua kikuu kikamwingia. Alipelekwa San Antonio, Texas, akafia huko katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu tarehe 1 Aprili 1914, akiwa na miaka 37.