Maisha ya Munganga Patrick Manson

Hapa Kamango sisi wote tunajua nyoka za tumbo: tumbo la mtoto linavimba, anakohoa, hana nguvu, siku ingine nyoka inatoka hata kwa mdomo. Lakini kuna jamaa zake zisizokaa tumboni. Hizo ni filaria, na aliyefungua siri yao ni Patrick Manson.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Scotland, akasoma uganga kule Aberdeen. Mwaka 1866 akaenda Formosa, na mwaka 1871 akahamia Amoy, China, akatumika pia kwa hospitali ya misioni. Pale aliona matende mengi. Kwanza homa, tezi za kinena zinauma; miaka inapita, mguu unakuwa sawa ya tembo, ngozi ngumu. Manson alikata uvimbe wa wagonjwa wengi, lakini kukata si kujua ugonjwa unatoka wapi.

Mtu wa bustani yake, Hin Lo, alikuwa na vitoto vya filaria ndani ya damu. Mwaka 1877 Manson akamwomba alale katika kijumba, taa inawaka, mlango wazi mpaka mbu waingie, kisha ukafungwa. Asubuhi wakakamata mbu walioshiba. Kwa mikroskopi Manson akaona vitoto vile vinavua ngozi na kukomaa ndani ya mwili wa mbu. Mimi naona sifa ya kazi ile ni ya Hin Lo pia, maana ndiye aliyetoa ngozi yake.

Akatambua tena kwamba vitoto vinajaa katika damu usiku, saa mbu wanauma. Muchana vinapotea.

Jambo moja lilimpita. Alidhani mbu anaishi siku chache tu, anafia majini, na watu wanakunywa nyoka pamoja na maji. Alishika wazo hilo zaidi ya miaka 20! Kumbe njia ni ingine. Alirudi Uingereza mwaka 1889. Mwaka 1891 akaeleza filaria ingine, ya watu wa Congo yetu, inayoitwa leo Mansonella perstans. Mwaka 1899 akaanzisha London shule ya magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1900 kijana wake wa kazi, Low, akapasua mbu waliotumwa kutoka Australia. Nyoka zilikuwa ndani ya mdomo wa mbu, zinangoja ngozi ya mtu mwingine.

Manson alikubali. Alifariki London tarehe 9 Aprili 1922.