Karl Jansky: Mhandisi aliyeitambua sauti ya nyota kwa tofauti ya dakika nne

KATIKA vilima vya Rubya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtu anayewasha redio ya masafa mafupi nyakati za mvua huzisikia radi za Ziwa Victoria hata zikiwa mbali mno kuonekana. Mikwaruzo hukatiza taarifa ya habari, hutulia kidogo, kisha hurudi. Wasikilizaji wengi huichukia.

Mikwaruzo kama hiyo ndiyo iliyompa ajira Karl Guthe Jansky, na hatimaye ikamwandikia jina katika historia ya elimu ya anga. Hakuwa mnajimu. Alikuwa mhandisi wa simu aliyetumwa kutafuta chanzo cha kelele, akaifuatilia kwa saa na kalenda hadi ikamfikisha katikati ya kundi la nyota tunamoishi.

Jansky alizaliwa Oktoba 22, 1905, mjini Norman, Oklahoma, eneo ambalo wakati huo lilikuwa halijawa jimbo kamili la Marekani. Baba yake, Cyril Jansky, alikuwa mwalimu wa uhandisi wa umeme chuo kikuu. Jina la Guthe alipewa kwa heshima ya profesa wa fizikia aliyekuwa mlezi wa baba yake kitaaluma. Familia ilihamia baadaye Wisconsin, na huko Karl akahitimu shahada ya fizikia katika chuo kikuu cha jimbo hilo mwaka 1927.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Tayari alikuwa na maradhi ya figo, yaliyomsumbua maisha yake yote, na kwa sababu hiyo alipangiwa kazi mashambani New Jersey, mbali na pilikapilika za New York. Kampuni ilikuwa imeanza mwaka 1927 kuunganisha simu za New York na London kwa redio, nayo ilitaka kujua ni kelele zipi zingeharibu mazungumzo hayo.

Katika eneo la Holmdel, Jansky alijenga antena ya mabomba na mbao yenye urefu wa takribani mita 30, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford. Mota iliizungusha mzunguko mmoja kila dakika 20. Ilipokea mawimbi ya megahezi 20.5, na kalamu ya mashine ikachora nguvu ya kelele kwenye karatasi ndefu iliyosogea pole pole. Hivyo kila mchoro ulionyesha mambo mawili kwa pamoja: upande kelele ilikotoka na saa iliyosikika.

Baada ya miezi mingi ya kupima, aliweza kuzigawa kelele katika makundi matatu. La kwanza lilitokana na radi za karibu, na la pili na radi za mbali. La tatu lilikuwa mvumo mwembamba usiokatika, mfano wa birika linaloanza kuchemka. Huo haukuwa na radi nyuma yake.

Mvumo huo ulikuwa dhaifu, na mhandisi mwingine angeweza kuuweka kando bila kulaumiwa. Jansky aligundua kwamba uliongezeka na kupungua mara moja kila siku, na mwanzoni alidhani unatoka kwenye jua. Dhana hiyo haikuwa ya ovyo. Mwishoni mwa mwaka 1931 upande wenye kelele kubwa ulilingana kweli na upande wa jua.

Lakini alivyoendelea kupima mwaka 1932, viwili hivyo vikaachana. Kila siku kelele ilifika kileleni mapema kidogo kuliko jana yake, hata kwa mwezi mmoja tofauti ikafikia takribani saa mbili. Agosti 31 mwaka huo jua lilipatwa, na mvumo haukubadilika. Ikawa dhahiri kwamba jua halikuhusika.

Jibu lilikuwa katika hesabu ya saa. Dunia hujizungusha yenyewe, lakini wakati huo huo husogea katika njia yake ya kulizunguka jua. Kwa sababu hiyo, ili kulielekea jua tena huhitaji saa 24, ilhali kuielekea nyota ile ile huhitaji saa 23 na dakika 56 tu. Kitu kinachorudi kila baada ya saa 24 chaweza kuwa cha jua, au cha shughuli za binadamu zinazofuata ratiba ya siku. Kinachowahi kwa dakika nne kila siku, mwezi baada ya mwezi, ni cha nyota.

Mvumo wa Jansky ulifuata saa ya nyota. Kwa msaada wa mwenzake kazini aliyejua elimu ya anga, aliuelekeza kwenye kundi la nyota la Mshale, uliko moyo wa Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza mbingu. Aprili mwaka 1933 alitangaza matokeo hayo mjini Washington, na Mei 5 gazeti la New York Times liliyachapa ukurasa wa mbele.

Umaarufu huo haukumpa chombo kipya. Alipendekeza kujenga antena kubwa ya sahani, lakini ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na kampuni ilikuwa imekwisha kupata jibu ililohitaji: mvumo wa nyota haungezuia simu. Alipewa kazi nyingine. Wanajimu wengi nao hawakuwa na ujuzi wa redio, wakaupita ugunduzi huo. Aliyeuendeleza ni Grote Reber, mhandisi kijana aliyejenga antena ya sahani kwa fedha zake nyumbani kwao Wheaton, Illinois, mwaka 1937.

Jansky alifariki dunia Februari 14, 1950, akiwa na umri wa miaka 44 tu, kabla elimu aliyoianzisha haijakomaa. Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, Jocelyn Bell alikutana na mapigo ya redio yaliyojirudia kila baada ya sekunde 1.34. Kwamba yalifuata saa ya nyota ilikuwa miongoni mwa dalili kuu kuwa hayakutoka kwa watu. Ndivyo zilivyojulikana pulsa, nyota zinazojizungusha na kupeperusha mawimbi kama mnara wa taa. Mwaka 1973 wanajimu duniani walikipa kipimo cha nguvu za mawimbi ya anga jina la jansky. Mwaka 2022 ilitangazwa picha ya shimo jeusi lililo katikati ya Njia Nyeupe, upande ule ule ulioonyeshwa na antena ya magurudumu.

Kazi iliyohitaji karatasi ndefu na maabara ya kampuni kubwa sasa yaweza kujaribiwa kwa antena, kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, na programu inayogeuza mawimbi kuwa tarakimu. Programu huandika nguvu ya kelele pamoja na saa kamili, hata kwa kufuata saa za setilaiti. Kinachobaki kwa mpimaji ni kutosogeza antena, kutobadilisha vipimo katikati ya kazi, na kungoja majuma kadhaa aone kama kilele kinawahi.

Kwa jambo hilo Rubya ina nafasi ambayo Jansky hakuwa nayo. Holmdel, moyo wa Njia Nyeupe hupanda kiasi cha nyuzi 21 tu juu ya upeo wa kusini. Rubya, iliyo karibu na ikweta, hupanda hadi nyuzi 63. Mwezi Julai, wakati wa kiangazi, hufika kilele hicho kati ya saa nne na saa sita usiku. Radi za ziwani zitachora mistari yao mirefu kwenye kompyuta, kama zilivyochora kwenye karatasi ya Jansky. Chini yake utakuwepo mvumo ule ule, ukiwahi kwa dakika nne kila siku.